Mvumilivu hula mbivu, sasa embe likiozea mtini je?

Wiki hii barua nyingi ni za watu waliochoka, sijui ni mwezi wenyewe au ndo ada za shule, nimechagua nne. Kwa wageni wa safu hii, mimi nilicheza mpira miaka sita kwenye timu ambazo ukizitaja sasa hivi vijana wanacheka, goti likanitundikisha daluga nikiwa na miaka 27, na leo nauza jezi na viatu vya michezo Kariakoo kwenye kifremu ambacho wakiingia watu watatu wa nne anasubiri nje. Kwahiyo msinitafutie digrii ya saikolojia, sina. Nina kovu la goti na daftari la madeni.

SWALI: Anko shikamoo. Mimi ni mkimbiaji nipo Arusha, nina miaka 26, nakimbia nusu marathoni na saa nyingine kilomita 10. Muda wangu mzuri wa kilomita 21 ni dakika 64 na huu mwaka wa tatu sijaushusha hata sekunde. Mbio za hapa nyumbani nakua wa nne, wa sita, wa nne tena, na wewe unajua hela ya maana wanachukua watatu wa mwanzo, sisi wengine tunapewa medali na maji ya chupa. Alfajiri saa kumi na moja tizi, saa mbili naenda kubeba zege mpaka jioni, jioni tizi tena. Mjomba ana gereji ya bodaboda Babati ananiita nikamsaidie, mama anasema niende, kocha anasema nivumilie miaka miwili mingine, na kila mtu ananiambia mvumilivu hula mbivu. Mbona mimi nakula mbichi tu?
(Wa Nne, Arusha)

JIBU: Marahaba mpwa. Hilo jina ulilojipa limenichekesha afu likaniuma.

Huo msemo ni wa kweli kabisa ila aliyeutunga hakutuambia huyo mvumilivu alikua anakula nini wakati anasubiri hizo mbivu. Hapo ndo mimi nagombana na washauri wengi, maana kila stori ya uvumilivu kwenye michezo ukiifukua chini utakuta sahani ya ugali, na kuna mtu aliilipia.

Mchukue Alphonce Simbu wa kwetu Singida. Septemba 2025, Tokyo, mashindano ya dunia, marathoni. Kwa saa zetu ilikua inakaribia saa kumi usiku, mimi nipo sebuleni na simu nimezima taa, kilomita 42 zimeisha wameingia uwanjani, Mjerumani Amanal Petros yuko mbele, Simbu anamfukuza anamfukuza mpaka mstarini, wote wawili wameandikiwa 2:09:48, ikabidi picha iangaliwe ndo ikajulikana Simbu kampita kwa sekunde 0.03. Nilipiga kelele mke wangu akadhani tumevamiwa. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha, na mtu mwenyewe ana miaka 33.

Asubuhi yake kila mtu anaandika uvumilivu, uvumilivu. Ni kweli. Olimpiki ya Rio 2016 alikua wa tano, mashindano ya dunia London 2017 akapata shaba, afu ikaja miaka nane ya kusubiri, katikati humo kuna Olimpiki mbili alizorudi mikono mitupu. Ila Simbu ni mwanajeshi wa JWTZ. Miaka yote hiyo nane mwezi ukiisha mshahara upo. Filbert Bayi aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch 1974, mwanajeshi. Kipchoge Keino wa Kenya, polisi. Paul Tergat, jeshi la anga la Kenya. Sisemi hivi kuwashusha, miguu ni yao na maumivu ni yao, nasema hakuna hata mmoja hapo aliyekua anatoka tizi anaenda kubeba zege saa nane nzima afu anarudi tizi.

Na wewe umelinganisha dakika zako 64 na dakika za watu wanaolala mchana! Mkimbiaji mwili wake unajengeka akiwa amelala, tizi lenyewe linaubomoa tu, usingizi na chakula ndo vinaujenga upya, muulize kocha wako atakwambia. Halafu Arusha iko juu, mita kama 1,400 kutoka usawa wa bahari, dakika 64 za huko sio dakika 64 za barabara tambarare ya mji wa baridi ulio chini. Kwa ninavyokusoma mimi wewe hujashindwa kukimbia, umeshindwa kulala. Miaka mitatu hujapima mwili wako hata siku moja, umepima uchovu wako.

Ndo maana mimi nakwambia nenda Babati, ila usiende kama mtu aliyekata tamaa. Nenda na masharti. Mwambie mjomba, anko nitakufanyia kazi kuanzia saa nne mpaka saa kumi, sitaki mshahara mkubwa, nataka kula vizuri na kulala masaa manane usiku na lisaa limoja mchana. Mkoa wa Manyara sio uhamishoni kwenye riadha, nao uko juu hukohuko, Gidamis Shahanga aliyechukua dhahabu ya marathoni Jumuiya ya Madola 1978 ni wa Katesh hapo, na mzee John Stephen Akhwari ni wa Mbulu.

Akhwari mwenyewe ngoja nimseme kidogo kwasababu najua na wewe umetajiwa sana. Olimpiki ya Mexico 1968, kaanguka, goti limeumia, kamaliza marathoni akiwa wa 57 na wa mwisho, giza limeshaingia, akasema nchi yake haikumtuma aje kuanza mbio bali kumaliza. Kila anayetaka kukufariji anakupa hiyo. Ila hawakwambii kwamba miaka miwili baadae, 1970 Edinburgh, michezo ya Jumuiya ya Madola, huyohuyo Akhwari alikua wa tano kwenye marathoni kwa saa 2 na dakika 15. Alikua mkimbiaji hasa! Tumemfanya sanamu ya kushindwa kwa heshima wakati mzee alikua na kasi. Mimi hiyo huwa inaniudhi, lakini tuendelee.

Hilo la kuwa wa nne kila siku, mwangalie Tergat. Olimpiki ya Atlanta 1996 mita 10,000 kapata fedha nyuma ya Haile Gebrselassie wa Ethiopia. Mashindano ya dunia 1997 fedha, 1999 fedha, mbele yake Haile yuleyule. Sydney 2000 wamezunguka uwanja mara 25, Tergat kachomoka mzunguko wa mwisho, Haile kamla kwenye mstari kwa sekunde 0.09. Mimi ningeacha, nakwambia ukweli, ningerudi Baringo nikafuga mbuzi. Tergat akahamia marathoni na huko nako akaanza na namba mbili, London mara mbili, Chicago mara moja. Mpaka Berlin 2003 ndo akashinda kwa 2:04:55, rekodi ya dunia, na mwenzie Sammy Korir alikua sekunde moja tu nyuma yake. Kitu ninachokipenda kwenye hiyo stori ni kwamba hakukaa kwenye mita 10,000 kusubiri Haile azeeke. Alihama umbali. Na wewe ushawahi kumuuliza kocha kama kilomita 42 ndo zako? Watu wengi wasio na kasi ya mwisho wana injini ya mbali.

Mwaka mmoja Babati, mpwa. Mwaka mmoja wa kula na kulala, uandike kila wiki kwenye daftari umekimbia nini na umelala masaa mangapi. Ukipita mwaka na dakika ziko palepale 64 basi mwili umejibu, na utakua ushajua kufungua injini ya bodaboda. Zikishuka, kocha na mama watakaa meza moja.

SWALI: Habari kaka. Mimi nilicheza mpira wa wanawake Dar miaka ya nyuma huko, winga wa kulia, nikaacha 2014 kwasababu hakuna ligi, hakuna hela, na nyumbani walinichoka. Nikaanza na mtaji wa kuazima, balo moja la nguo za watoto. Sasa hivi nina meza mbili Ilala na nimeshapaua nyumba Chanika. Hela ipo kaka. Ila kila Jumamosi jioni nikisikia mabinti wanapiga mpira uwanja wa shule karibu na kwangu natamani kulia. Mume wangu ananiambia huna shukrani. Nina tatizo gani?
(Winga, Dar)

JIBU: Dada yangu huna tatizo, umecheza kabla mlango haujafunguliwa. Ligi ya wanawake Tanzania Bara imeanza 2016. Wewe umeacha 2014! Miaka miwili tu. Afu ukatazama mwenyewe kwenye tivii Serengeti Girls, mabinti wetu wa chini ya miaka 17, wanakwenda India 2022 wanawafunga Ufaransa wanafika robo fainali ya Kombe la Dunia la umri wao, ukatazama Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, wanarudi kwenye fainali za Afrika kule Morocco 2025 baada ya ile mara ya kwanza ya 2010. Mtu asiyelia hapo ndo mwenye tatizo.

Mimi baada ya goti nilikaa miaka mitatu siingii uwanjani. Nilikua nauza njumu na sitaki kuona zinatumika. Mteja akiniambia naenda kuzijaribu leo jioni nilikua nageukia rafu nyingine najifanya napanga soksi. Na biashara ilikua inaenda vizuri tu kipindi hicho, ndo maana nakuelewa, maana watu wanadhani hela ikikaa vizuri moyo unafuata wenyewe kama tela.

Sasa fanya hivi. Jiulize unamiss nini hasa, maana mpira una vitu vingi ndani yake. Kuna anayemiss kushangiliwa, huyo ni mgumu kumsaidia. Kuna anayemiss mbio zenyewe, huyo aanze mazoezi na wenzie. Mimi niligundua kitu nilichokua namiss ni kuwa na watu kumi wanaonitegemea na mimi nawategemea, dukani nilikua peke yangu na kikokotoo. Wewe nahisi kwa jinsi ulivyoandika mabinti, mabinti, mabinti, unataka kuwafundisha. TFF, shirikisho letu la mpira, wanatoa kozi za ukocha kuanzia zile za chini kabisa, huhitaji kuwa ulicheza timu ya taifa.

Najua utaniambia Jumamosi ndo siku ya mauzo. Ndio, najua, mimi pia ni mfanyabiashara. Muweke msaidizi mezani Jumamosi kuanzia saa tisa, uone mauzo yamepungua kiasi gani kwa mwezi, hiyo tofauti iandike kwenye daftari lako kama unavyoandika kodi ya meza. Ukiona imeandikwa kwa tarakimu utajua unailipa au huilipi. Mimi yangu inakaribia kodi ya wiki moja ya fremu, nailipa, na mke wangu kaacha kuniuliza.

Kuhusu shemeji, usibishane nae habari ya shukrani, hutashinda. Mpeleke uwanjani Jumamosi moja akuone unavyowapanga watoto.

SWALI: Mambo vipi bro, mimi ni kiungo nipo Tanga nina miaka 21. Kuna wakala kaniona kwenye bonanza anasema ana timu Oman wananihitaji kwa majaribio, nitume milioni tatu za viza, tiketi na usajili, nafasi inafungwa wiki hii. Mama yupo tayari kuuza shamba. Nisipojaribu nitajutia maisha yote.
(Kiungo Mkabaji, Tanga)

JIBU: Mama asiuze shamba. Mdogo wangu nimeandika sentensi hiyo peke yake ili uweze kumsomea.

Wakala wa kweli analipwa asilimia kutoka kwenye mkataba ukishasainiwa, mfuko wake ndo unatangulia, sio wako. Siku hizi FIFA inawafanyisha mtihani kabla ya kuwapa leseni na majina yao yanatafutika kwenye tovuti yao, muombe jina lake kamili kama lilivyo kwenye leseni afu usikilize atakavyobadilisha mada. Timu inayomhitaji mchezaji inamwandikia barua ya mwaliko na kumkatia tiketi. Na hiyo "nafasi inafungwa wiki hii" ni maneno ya muuza simu feki Kariakoo, mimi nawasikia kila siku nje ya mlango wangu, neno kwa neno.

Kila mtu anamtaja Mbwana Samatta wa Aston Villa, hakuna anayemtaja Samatta wa Lubumbashi. Alitoka Simba 2011 akaenda TP Mazembe hapo Kongo, mji ambao hata sokoni unaongea Kiswahili wanakuelewa, akakaa karibu miaka mitano. Miaka mitano! Kachukua klabu bingwa Afrika 2015, kapewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, ndo Genk wa Ubelgiji wakaja kumchukua Januari 2016. Hakulipa milioni tatu kwa mtu wa bonanza. Cheza Tanga, cheza vizuri, video zako ziwepo.

SWALI: Kwako mwandishi. Mimi nimestaafu soka 2019, nipo Morogoro, nina miaka 44. Kipindi nacheza nilikua mwangalifu, sikunywa, nikanunua Hiace ya daladala na nikafungua duka la vifaa vya ujenzi. Gari anaendesha kijana wa mtaani, duka anasimamia mdogo wangu, mimi nikawa nazunguka na timu ya vijana kama kocha msaidizi maana ndo kitu roho yangu inapenda. Sasa hesabu ya gari haifiki, duka mwaka wa tatu halinipi kitu, na mwezi uliopita nimechukua mkopo wa kausha damu kulipia kodi. Uwanjani nilisifiwa kwa kutokata tamaa. Niendelee kuvumilia au nifunge?
(Beki wa Zamani, Morogoro)

JIBU: Shikamoo kaka. Nimekusoma mara mbili na mara ya pili nilikua najisoma mwenyewe.

Mimi nilikua na Coaster. Nilinunua na hela ya kuvunjiwa mkataba, nikampa dereva hesabu ya siku, mimi nikawa bosi wa kupigiwa simu. Wiki mbili za kwanza hesabu inakuja imenyooka mpaka nikaanza kuangalia Coaster ya pili. Afu zikaanza simu. Bosi leo trafiki. Bosi leo tairi. Bosi leo gari limelala. Siku moja nimepanda gari langu mwenyewe Mbagala nimevaa kofia, dereva simjui, konda simjui, gari anaendesha deiwaka wa deiwaka, na limejaa mpaka mlangoni. Yule niliyemkabidhi alikua kalikodisha kwa mwenzie na yeye yuko nyumbani kalala. Nilikaa siti ya nyuma nikalipa nauli. Nikavumilia mwaka mzima mwingine baada ya hapo kaka, mwaka mzima, kwasababu na mimi nilishasifiwa kwa kutokata tamaa. Nikaja kuliuza kama chuma chakavu.

Uwanjani mvumilivu yupo ndani ya mchezo, anapigwa, anaona mpira unakotoka, anajipanga upya. Sisi wawili tulikua tunavumilia mechi ambayo hatupo uwanjani.

Haile niliyemsema pale juu, leo ana mahoteli miji kadhaa ya Ethiopia, na watu waliomjua wanasema alipokua bado anakimbia alikua anamaliza tizi asubuhi anaenda ofisini kwake kama karani. Filbert Bayi alipostaafu alijenga shule na mkewe Anna, ziko Kimara na Kibaha, na mkewe yumo ndani ya kazi yenyewe. Kipchoge Keino na mkewe Phyllis walilea mayatima Eldoret nyumbani kwao, chini ya paa lao. Hata mmoja hakua mwenye mali wa kupigiwa simu. Na ona pia, hizo shule na hao watoto ndo vilikua kitu roho zao zinapenda, hawakuweka biashara huku na roho kule, wewe umeweka. Sikulaumu, wengi wetu tuliambiwa mchezaji mwenye akili ananunua gari na duka, hakuna aliyetuuliza kama tunataka kukaa dukani.

Kwahiyo kausha damu kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, huo mkopo unakula usiku na mchana hata ukiwa umelala. Uza Hiace. Najua inauma, uza ikiwa bado inatembea, lipa huo mkopo wote, kinachobaki kikae. Timu ya vijana usiiache, ila kaa na viongozi uwaambie posho ya kocha msaidizi iandikwe kwenye karatasi hata kama ni ndogo, miaka mingapi unafanya kazi ya mapenzi afu unaiita kujitolea.

Duka silifungi kwa barua kaka, sijaliona. Kesho nenda saa moja asubuhi kabla mdogo wako hajafungua, usimpigie simu kwamba unakuja. Kaa nae siku sita mfululizo, jioni mhesabu mzigo pamoja, misumari, saruji, mabati, kila kitu. Muombe daftari la mauzo la miezi mitatu iliyopita. Kama lipo, niandikie tena tuliangalie. Kama hakuna daftari, niandikie pia.